Mshale uliotaka kunitia hasara

Jumamosi napandisha kutoka Bahi kwenda Manyoni, pikapu yangu ya mwaka 1984 imebeba magunia ya alizeti, mshale wa joto ukagusa nyekundu. Nikaegesha kivulini. Hakuna mvuke, mpira wa juu wa rejeta haujavimba, maji kwenye chupa yametulia. Mfuniko sikuugusa, kovu la mkononi lanitosha.

Fundi wa kwanza pale mjini Dodoma alitaka tung'oe thamostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, tuitupe. Dawa yao ya kila gari hiyo! Bila thamostati injini huchelewa kupata joto na hunywa mafuta. Nikakataa.

Nyumbani nikafungua sensa ya joto, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto (mama watoto hakufurahi), mita ya kupimia umeme mkononi. Sensa nzima, ukinzani wake (jinsi inavyozuia umeme kupita) hushuka joto likipanda, na yangu ilishuka taratibu bila kurukaruka. Ila huku kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kipimo kisipolingana na cha nyuzi 100, usije ukaisingizia sensa.

Ndipo nikakumbuka: hata geji ya mafuta ilionyesha tangi karibu limejaa, na nilitia lita 15 tu. Geji mbili ziugue siku moja? Kwenye gari nyingi za zamani hizo mbili hulishwa na kidhibiti umeme kimoja nyuma ya dashibodi. Waya wake wa ethi, ule unaokiunganisha na bodi ya gari, ukilegea, umeme hupita mwingi na mishale yote miwili hupanda. Wangu ulikuwa umeota kutu. Nikaukwangua kwa msasa, nikakaza nati. Sasa mshale unakaa chini kidogo ya nusu, hata mlimani.