Jumapili ya mavuno na mimi sina funguo hata moja

Saa 11 alfajiri

Nimeamka kabla simu haijalia. Nje ukungu umeshika mpaka mlangoni, ndo Tukuyu hii mwezi wa sita, kama hujawahi kufika usije bila koti. Nikabaki kitandani nasikiliza tu. Miaka minane niliyokaa kwenye huu mtaa, Jumapili saa hizi lazima mtu apige hodi, Mwinjilisti tunaomba funguo ya stoo, Mwinjilisti funguo ya kabati la vyombo vya meza ya Bwana, Mwinjilisti vijana wamefika wanataka kufunga spika. Leo kimya. Sikukuu ya mavuno, siku yenye pilikapilika kuliko zote ukitoa labda Krismasi, na hakuna mtu aliyekuja kunigongea. Mke wangu akasema si lala basi, kila siku unalalamika hulali. Sikulala.

Kwa wasiotujua Walutheri, usharika unaongozwa na mchungaji ila umegawanyika mitaa, na kila mtaa una mwinjilisti wake, ndo mimi. Ushirika mtakatifu sitoi, mchungaji anakuja na pikipiki kwa zamu maana ana mitaa mitano, siku zilizobaki zote ni mimi na wazee wa kanisa: mahubiri, misiba, wagonjwa, watoto wa kipaimara, ndoa za watu zinazogombana usiku wa manane. Posho yake ukiiona utacheka, ndo maana nina shamba la viazi.

Saa 12 na nusu

Nakunywa chai. Ngoja nieleze habari ya funguo, bila hiyo hamtanielewa siku nzima.

Mwaka jana mwezi wa tatu nilienda Kyela kwenye msiba wa mjomba, nilitoka Ijumaa nikijua Jumamosi nimerudi, msiba ukaongezeka siku, simu ikazima chaji, na kwenye mfuko wa koti nina funguo zote saba za kanisa. Zote. Nilikua nazibeba hivo toka nimeanza kazi, nilikua naona ndo uaminifu wenyewe. Jumapili ikanyesha mvua ile ya kwetu isiyo na huruma, watu wakasimama chini ya upenuo na watoto mgongoni, mzee wa zamu akapanda juu ya matofali akaongoza ibada, kwaya wakaimba bila kinanda, sadaka ikakusanywa kwenye kofia ya kijana mmoja.

Narudi Jumatatu nimejiandaa kupewa pole. Baraza la wazee likakaa, mzee mkubwa kuliko wote akaniambia, taratibu kabisa, "Mwanangu, weka funguo mezani." Nikaweka. Kiukweli njiani nililia. Na siyo funguo zilizoniuma, kilichoniuma ni kila niliyekutana naye ananiambia ibada ya kwenye mvua ilikua nzuri, yani wanaisifia kabisa, na mimi sikuwepo.

Wakazigawa. Mlango mkuu kwa binti wa umoja wa vijana, ana miaka 19. Stoo kwa mama wa idara ya wanawake. Kabati la vyombo kwa mzee mmoja mtulivu. Mitambo kwa kijana wa mitambo. Kasha la sadaka likawekewa kufuli tatu za watu watatu ambao hawatoki nyumba moja wala hawana undugu, hapo nilikubali mwenyewe bila kubishana maana nimeshaona watumishi wema wakichafuka kwa sababu walikua wanahesabu peke yao. Na likanunuliwa daftari, anayetaka kufungua kitu nje ya zamu yake anasaini, jina na saa. Lile daftari nililicheka sana.

Saa 2

Kanisani kumejaa mikungu ya ndizi, mahindi, maharage, maparachichi, viazi vyangu gunia moja, madumu ya maziwa, kuku wamefungwa miguu wanapiga kelele kuliko kwaya. Vitenge vya kupambia bado viko stoo na mama wa stoo hajafika. Saa 2 na robo hajafika. Mimi hapo mkono umeshaanza kuwasha, nawaza nyundo, nawaza kufuli ni la bei rahisi tu, alafu jirani yake akatokea na funguo kwenye kanga, mtoto wa mama wa stoo kaamka na homa, akamtuma yeye na karatasi imeandikwa kipi kinatoka na kipi kinabaki. Wakapamba. Mi nikaenda kuhesabu viti ambavyo vilikua vimeshahesabiwa.

Saa 3

Kijana wa mitambo anajaribu maiki. Huyu lazima nimseme kidogo.

Krismasi ya mwaka juzi spika ilipiga mluzi katikati ya maombi, nami nikamkemea kwenye maiki, mbele ya kanisa zima na wageni waliotoka Mbeya mjini. Akazima vitu vyake, akatoka, miezi minne hatukumwona, akawa anapiga muziki wa maharusi. Mimi nikisema vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Ni mama mmoja wa kwaya aliyenivunja kwenye kikao, akasema Mwinjilisti, Paulo alimkataa Marko kwa sababu aliwaacha njiani, akakorofishana na Barnaba mpaka kila mtu akashika njia yake, ipo Matendo 15, lakini huyohuyo Paulo uzeeni yuko kifungoni anamwandikia Timotheo amlete Marko maana anamfaa, "sasa wewe unasubiri uzee gani?"

Watu walicheka, mi sikucheka. Nikaenda kwao nikamwomba radhi. Akaniambia nimesikia Baba, ila ulinisema kwenye maiki. Nikaelewa. Jumapili iliyofuata nikaomba radhi kwenye maiki, maneno mafupi, mdomo umekauka kama nimelamba unga. Akarudi baada ya wiki mbili, bila sherehe.

Saa 3 na nusu

Mwenyekiti wa kwaya kuu kanivuta pembeni nyuma ya choo. Ukiona mtu anakuvuta nyuma ya choo dakika thelathini kabla ya ibada ujue kuna jambo lilishaamuliwa kikaoni na yeye hakulipenda. Alhamisi mzee wa zamu alikaa na viongozi wa kwaya zote tatu wakakubaliana kila kwaya nyimbo mbili, maana mchungaji ana mtaa mwingine saa 8. Sasa huyu anataka ya tatu, wamefanya mazoezi mwezi mzima, wameshona sare, na anajua mimi napenda ule wimbo.

Zamani ningesema imba. Nafsi yangu inapenda kusema imba, maana ukisema imba unaonekana baba mwema, alafu anayebeba lawama ni mzee wa zamu aliyepanga ratiba, na vijana wakiona wanajua kikao hakina maana, cha maana ni nani ana namba ya Mwinjilisti. Hivo ndivyo tulivyoharibu vikao vyetu miaka mingi, hatukuvunja kwa ugomvi, tulivunja kwa hisani ndogondogo za nyuma ya choo.

Nikamwambia muulize mzee wa zamu, atakachosema ndo hicho. Akanikazia macho. "Sasa wewe ni kiongozi wa nini?"

Sikua na jibu zuri, na nimelitafuta mpaka saivi ninapoandika. Nikasema tu twende kaka, watu wanasubiri. Hakumuuliza mzee wa zamu. Waliimba mbili, nzuri sana, ya pili akaiimba bila kunitazama.

Saa 4 mpaka saa 6 na nusu

Ibada. Mchungaji kafika na tope mpaka magotini, kabadilisha viatu ofisini. Katikati ya mahubiri umeme ukakatika, mimi nikasimama, mazoea tu, nikaanza kusogea kule kwenye waya, kijana wa mitambo akaninong'oneza "Baba Mwinjilisti we kaa tu", dakika mbili jenereta likaunguruma. Petroli alikua ameweka toka jana. Nikarudi kukaa na watoto wa Sunday school wananichungulia. Ushirika mtakatifu ukaenda vizuri. Mchungaji hakusubiri mnada, kafungiwa mkungu nyuma ya pikipiki kaondoka.

Saa 7

Mnada! Hapa ndo raha ya mavuno, na mnadishaji wetu ni mwalimu mstaafu anayeweza kukuuzia mchicha wa elfu moja kwa elfu tano ukaondoka unashukuru. Bibi mmoja kaleta jogoo mwekundu, mkubwa, mkali. Akanunuliwa 20,000, mnunuzi akasema namrudisha kwa Bwana, auzwe tena. Akauzwa 18,000, huyo naye akamrudisha. Watu vigelegele. Mara ya tatu ikawa mashindano, mi nikajikuta napiga kelele 25,000, kanisa zima likashangilia, nikakabidhiwa jogoo, mtoto wangu akamkimbiza nyumbani.

Binti wa vijana ndo alikua karani wa mnada, anaandika kila kitu: bidhaa, bei, taslimu au ahadi.

Saa 8 na nusu

Kuhesabu. Wenye kufuli wote watatu wapo, mama mhazini, karani, mimi nimekaa kama shahidi tu. Daftari la mnada linasema taslimu 612,500. Fedha mezani 587,500. Tukahesabu tena. 587,500.

Pungufu 25,000.

Kimya kile cha hesabu nakichukia. Na nitasema ukweli wangu, macho yangu yalienda kwa yule binti. Ana miaka 19, ndo mara yake ya kwanza, alishika bahasha peke yake kwa muda kidogo karani mwenzake alipoenda kunywa maji. Nikafungua mdomo nikasema, "Labda vijana wangekua na mtu mzima wa kuwa..." Mama mhazini hakuinua hata kichwa, akasema, "Mwinjilisti, tusome daftari kwanza, jina la mtu tutalitaja mwisho." Tulikubaliana hivo wenyewe, kwenye kikao, na mimi nilikua wa kwanza kunyoosha mkono.

Akaanza kusoma mstari kwa mstari. Mkungu, fulani, taslimu, amelipa. Maharage debe, amelipa. Jogoo mara ya kwanza, amelipa. Jogoo mara ya pili, amelipa. Jogoo mara ya tatu, 25,000, Mwinjilisti.

Akanyamaza. Binti akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Niliandika taslimu kwa sababu ulisema unaenda kuleta."

Jamani. Nilisahau! Mdomo ulitangulia mfuko ukabaki nyuma. Wazee walicheka mpaka mmoja akatoa machozi, mi nikatoka kwenda nyumbani karibu kwa mbio, mke wangu ananiuliza huyu jogoo wa nani, nikamwambia nipe 25,000 nitakueleza. Nimerudi nikaiweka mezani, nikamwambia binti nisamehe, si kwa pesa, kwa ile sentensi niliyoianza. Akasema haina shida Baba. Ila nikaona alikua amekunja vidole vyake mpaka vimepauka. Wakasaini watatu, ikafungwa.

Saa 10 jioni

Kumpelekea mzee mgonjwa maziwa na maparachichi ya mavuno, yuko kitandani toka Pasaka, ana miaka tisini na kitu. Twende wawili siku zote, leo nimeenda na kijana mmoja wa kipaimara anajifunza. Nikamsimulia habari ya jogoo akacheka akakohoa, alafu akauliza funguo walishakurudishia? Nikasema hapana.

Akatulia. Akasema wamisionari wa Berlin walifika huku Konde, ndo huku kwetu kwa Wanyakyusa, 1891, Wamoravian nao mwaka huohuo, wakajenga, wakafundisha, alafu vita ya kwanza ya dunia Waingereza wakaja wakawaondoa Wajerumani wote. Babu yake alikua mwalimu wa kanisa kipindi hicho, hana mshahara hana mkubwa wa kumuuliza, ibada hazikukatika. "Unadhani wale Wajerumani waliacha funguo kwa nani?" Alafu akaomba tumsomee Zaburi, katikati akalala. Tukatoka polepole. Ndaga, tata, yani asante baba kwa Kinyakyusa.

Saa 1 usiku

Nimekaa niandike taarifa ya kupeleka usharikani kesho, naipapasa miwani mfukoni, haipo. Iko juu ya mimbari, naiona kabisa kichwani ilipo.

Nikatoka kwenye ukungu na tochi ya simu mpaka kwa kina binti, nyumba ya nne. Mama yake karibu Mwinjilisti, kaa upate uji, nikasema naomba tu funguo ya kanisa, miwani yangu imebaki. Binti akatoka na funguo mkononi na daftari kwapani.

Nikamtazama. Akanipa kalamu.

"Na saa uandike, Baba."

Bila miwani sikuona mstari, akanionyesha kwa kidole. Nikasaini.