Asali ya Manyoni, kompyuta na sahani ya visima 96

Mwanafunzi wa uzamili hapa Dodoma anayetafuta mbadala wa antibayotiki huwa tayari na kompyuta mpakato, ilhali agari (rojo la kuoteshea bakteria), vidiski vya dawa vya kupimia na muda wa kutumia maabara ni vya kugharamia. Ndiyo maana tafiti nyingi za mimea yetu, mwarobaini na mlonge ikiwemo, huanzia, na wakati mwingine huishia, kwenye programu inayopachika molekuli ya mmea katika protini ya bakteria na kutoa alama ya jinsi zinavyoshikana. Naiheshimu kazi hiyo, lakini siamini kwamba alama peke yake inatosha kusema mmea unaua bakteria. E. coli, bakteria wa utumboni, ana utando wa nje unaozuia molekuli nyingi kupenya, na ana pampu zinazozitoa zile zilizofanikiwa kuingia, mambo ambayo programu ya namna hiyo haiyahesabu.

Mwaka 2022 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichukua protini 296 muhimu za E. coli ambazo maumbo yake yalitabiriwa na AlphaFold, programu ya akili mnemba inayokisia umbo la protini, wakazipachika kwa kompyuta na molekuli 218 zilizojulikana kuzuia bakteria hao na nyingine 100 zisizowazuia. Walipopima protini 12 kati ya hizo katika maabara, utabiri wa programu, kwa wastani, haukuwa bora kuliko kubahatisha. Miaka miwili kabla, chuo hicho hicho kilikuwa kimetangaza kwamba kompyuta imegundua antibayotiki, halisini, molekuli iliyokuwa ikichunguzwa kwa ajili ya kisukari, na safari hiyo kompyuta ilikuwa imefundishwa kwa matokeo ya maabara ya molekuli zaidi ya 2,300. Hata hivyo, kati ya 99 ilizozipa nafasi za juu, zilizozuia bakteria kweli zilikuwa 51.

Asali ya Manyoni na Itigi inaonyesha vizuri kwa nini kipimo chenyewe cha maabara kinahitaji uangalifu. Ukiichanganya na mchuzi wa kukuzia bakteria kwenye sahani ya plastiki yenye visima 96, ukiipunguza nusu kwa nusu kutoka kisima kimoja hadi kingine, kisha ukatia Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu na vidonda, na kuiacha usiku kucha kwenye nyuzi joto 35 hivi, unatafuta kisima cha mwisho ambacho mchuzi wake haujachafuka, yaani bakteria hawajaota. Asali nyeusi hulidanganya jicho hapo, kwa hiyo inafaa kuchota tone kutoka kila kisima na kulipanda kwenye agari. Pembeni lazima kuwe na safu ya sukari tupu iliyochanganywa kwa uwiano wa sukari za asali, kwa sababu sukari nyingi hufyonza maji na kuwazuia bakteria bila msaada wa nyuki. Safu nyingine hutiwa katalesi, kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksaidi; iwapo bakteria wataota hapo huku wakiwa wamezuiwa katika asali isiyotiwa kitu, tunajua kwamba nguvu ilitokana na peroksaidi, ambayo kimeng'enya cha nyuki huitengeneza kutokana na glukosi pale asali inapozimuliwa. Kuna nguvu pia katika asidi yake, na katika protini ndogo ya nyuki iitwayo defensini-1. Hapo ndipo ningependa kompyuta iingie, ikiwa na matokeo ya asali zetu wenyewe, za nyuki wakubwa na wadogo, za masika na za kiangazi, ya kujifunzia.

Kwa ndugu wanaoniuliza kama wapake kidondani asali ya chupa iliyonunuliwa barabarani, jibu langu ni hapana. Asali mbichi inaweza kubeba mbegu za Clostridium botulinum, bakteria anayetoa sumu ya kupoozesha, na kuichemsha huua kimeng'enya kinachotengeneza peroksaidi kabla ya kuziua mbegu hizo, ndiyo maana asali ya hospitali husafishwa kwa mionzi ya gama.