Siku moja wodini: nani ataumwa sana baada ya upasuaji wa kupunguza uzito?

Saa 1 asubuhi naingia zamu, mimi ni nesi wodi ya upasuaji. Leo wa kupunguza uzito wako wawili, mmoja anakatwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, mwingine ni baipasi, yaani mfuko unafanywa mdogo na kuunganishwa na utumbo kwa njia ya mkato.

Saa 2 nakaa nao kabla hawajaenda thieta, na hapa ndo sipendi kukimbizwa. Watu wanadhani mwenye kilo nyingi ndiye ataumwa zaidi, wapi, mimi kilo naziacha kwenye faili nauliza mengine: una maumivu ya muda mrefu? unameza dawa gani? unalala? una hofu kiasi gani? Yule wa baipasi, binti mdogo tu, mgongo unamsumbua miaka, tramadoli kila siku, na jana hajafumba jicho kwa woga. Hapo nishajua kazi ipo, maana mwili uliozoea dawa kali za maumivu za jamii ya morfini, kama hiyo tramadoli, unataka nyingi zaidi ili ipatikane nafuu ileile, na neva zilizoumia muda mrefu zinakuwa nyepesi kushtuka. Hadeki huyo, jamani, msianze. Nampigia daktari wa usingizi mapema ajipange.

Wa pili ni mama mtu mzima, hana hofu kabisa, anacheka tu. Ila anakoroma na pumzi inakatika usingizini, so kwake morfini ndo ya kuogopa, inaweza kuzima pumzi. Tunakubaliana parasetamoli kwa saa zake na ganzi ichomwe kwenye matundu madogo ya upasuaji, morfini iwe akiba.

Saa 5, dripu, makaratasi, dripu.

Saa 7 mchana binti karudi. "Sista, mbona bega? Mmenifanya nini begani?" Namwelewesha kwamba tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili daktari aone vizuri, gesi inachokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu na neva ya hicho kiwambo inatokea shingoni, ubongo unachanganya unasikia bega. Siku chache inaisha. Kajua sababu, katulia kidogo, na dawa aliyopangiwa asubuhi ikafanya yaliyobaki.

Saa 9 nampima binti mapigo ya moyo. Maumivu yakipanda badala ya kushuka, na mapigo yakavuka 120, sibembelezi na dawa, naita daktari mbio kwa sababu huenda mshono unavuja. Yake 96, twende.

Saa 10 analetwa dada kutoka kliniki, baipasi yake ni ya miezi iliyopita, tumbo la juu linawaka. Anavuta sigara, na goti likiuma anameza diklofenaki!! Hivyo viwili ndo vinavyochimba vidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo. Atapitishwa kamera mdomoni hadi tumboni, na ultrasaundi pia, maana kupungua haraka kunaleta mawe kwenye kifuko cha nyongo. Utumbo ukijibana kwa ndani nao unauma vibaya na hausubiri, kwa hiyo madaktari hawaliondoi hilo kichwani mpaka wajiridhishe.

Saa 1 usiku nakabidhi. Mwenzangu anauliza amwangalie nani zaidi, yule binti anayelia? Namwambia binti dawa zake ziko kwa ratiba, mpe kwa wakati usisubiri aombe, lakini mama asiongezewe morfini kabla hujaangalia oksijeni, na mashine yake ya kupumulia iko kabatini, mvalishe kabla hajasinzia.