Betri ya vichwa viwili

Mwanangu kaikuta kwenye droo, betri ile ya vichwa viwili, ya volti 9. Kabla sijamkataza ameshaigusa kwa ulimi. "Inauma!" Halafu akauliza ya nini.

Ya mkono wa babu yako.

Kiharusi kilipiga ubongo upande wa kushoto, mkono wa kulia ukabaki ngumi. Ya hospitali nayaruka. Mtaalamu wa viungo alitutajia pia umeme hafifu wa kupitishwa kichwani, miliampia 1 au 2 tu. Baba akajibu kwa kifupi: "Kichwa changu kiacheni." Tukabaki na mashine ndogo ya betri, ya kupitisha umeme mkononi. Pedi mbili chini kidogo ya kiwiko, upande wa nyuma, penye misuli inayokunjua vidole. Unapandisha taratibu: kwanza ngozi inatekenywa kama na sisimizi, kisha misuli inakaza. Kwa Baba ilikuwa miliampia 20 hivi. Sharti moja: mashine ikivuta, naye avute, maana anayefundishwa ni ubongo.

Jioni moja, wiki ya nne au ya tano, nilibandika pedi, nikabonyeza, nikasema, "Haya Baba, fungua."

Kidole cha mwisho kikatangulia. Kikatetemeka, kikaachana na kiganja. Kikafuata cha pete, halafu cha kati, polepole, kama mtu anayeamka hataki. Gumba halikusogea, lile lilikuwa na ukaidi wake. Ukapatikana uwazi wa kupitisha penseli. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Umeme wa leo mtamu," akasema. "Hauchomi hata kidogo."

Nikatazama mashine. Kioo cheusi. Betri ilikuwa imekwisha, sijui tangu lini.

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Niliogopa akijua, mkono utakumbuka kwamba hauwezi. Au labda nilimnyima haki yake, kwa sababu kazi ile aliifanya mwenyewe. Ama ni umeme wa wiki zile zote ulioandaa njia? Wapo wanaorudiwa na nguvu kiasi miezi ya mwanzo hata bila mashine. Kila nikilifikiria napata jibu tofauti.

Baba aliwasifia wageni mashine ile mpaka mwisho. Mimi nikaendelea kununua betri.