Saa tisa za usiku

Kiharusi kilimnyang'anya Mama vitu viwili kwa siku moja: upande wake wa kulia, na maneno. Akili ilikuwepo. Macho yalikuwa yale yale ya kunikemea. Lakini akitaka maji anasema "kesho", akiniita anasema "kesho", na akikasirika kwamba simwelewi anasema "kesho" mara tatu mfululizo, kwa ukali.

Mimi nilikuwa nimeachishwa kazi miezi miwili kabla. Hilo sitalieleza zaidi.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi inachubuka na kuwa vidonda. Basi usiku wangu ukawa na vituo: saa tano, saa saba, saa tisa, saa kumi na moja. Cha saa tisa ndicho kilichokuwa kibaya. Wote wamelala, wewe umekaa ukingoni mwa kitanda na madeni yako kichwani, unayahesabu kama vile yatapungua ukiyarudia.

Washirika wenzangu walikuja, wakaomba, wakaniambia nisiogope. Walinipenda, najua. (Aliyesema huenda kuna dhambi ambayo hatujaitubu, huyo nilitamani kumrushia kiatu.) Wengi walinitumia Wafilipi 4:6, "Msijisumbue kwa neno lo lote." Paulo aliyaandika hayo akiwa kifungoni, kwa hiyo siwezi kusema alikuwa akiongea kwa raha zake. Hata hivyo mimi nilisikia karipio tu. Nikawa na mizigo miwili, hofu yenyewe na aibu ya kuwa Mkristo mwenye hofu.

Usiku mmoja simu iliishiwa chaji, nikachukua Biblia ya Mama kwa kukosa cha kushika. Ilifunguka Zaburi ya 13, kwa sababu hapo ndipo jalada lilipokwisha kulegea. Zaburi fupi, aya sita tu, na katika mbili za kwanza Daudi anauliza "hata lini" mara nne. Zote nne zilipigiwa mstari kwa penseli, na pembeni kuna tarehe. Ni ya mwaka aliofariki Baba. Mwaka ule sikumsikia Mama akinung'unika hata siku moja, nikadhani ndiyo imani. Kumbe alinung'unika sana, ila alijua pa kupeleka.

Nikajaribu na mimi. Si sala ya kupendeza. Nilimwambia Mungu kwamba nimechoka, mgongo unauma, na sioni anachofanya. Sikusikia sauti yoyote. Nililala hapo hapo sakafuni, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, zile hesabu hazikunifuata usingizini.

Baadaye nikarudi kwa Paulo, aya inayofuata, pale anaposema amani ya Mungu "itawahifadhi mioyo yenu". Neno alilotumia kwa Kiyunani ni la kijeshi, la askari anayelinda mji. Hilo ninalielewa, maana nami niko zamu. Mlinzi hamalizi vita. Anasimama mlangoni, adui akiwa bado yuko nje, na waliomo ndani wanalala. Hofu yangu haijaenda popote. Ila siku hizi inabisha hodi, haiingii tu.

Kilichonishangaza zaidi ni Mama. Mtaalamu wa matamshi alitueleza kwamba mtu aliyepoteza usemi anaweza kubaki na maneno aliyoyakariri tangu utotoni, nyimbo na sala, hata kama hawezi kuomba maji. Nikaanza Baba Yetu, saa tisa ile, bila kutegemea lolote. Akaidaka kwenye "ufalme wako uje" na kwenda nayo, sauti nzito lakini kila neno mahali pake. Nililia mpaka nikakosa aya, akanisubiri.

Tangu hapo ndiyo kazi yetu ya saa tisa. Huwa anakwama baada ya "utupe leo riziki yetu". Namsukuma kidogo, "utusamehe", anaendelea. Kazi bado sijapata. Mkono wake bado haujainuka.

Jana tulipomaliza alisema amina vizuri kabisa, kisha akatazama kikombe kilichokuwa mezani.

"Kesho," akasema.

Nikampa maji.