Kuhesabu Joto Kabla ya Kunyunyizia Dawa
Kwa miaka kadhaa nilinyunyizia dawa vichaka vyangu vya mapambo kwa kufuata kalenda, na wadudu magamba wakaendelea kufyonza utomvu kana kwamba sikufanya lolote. Kosa lilikuwa la wakati: mdudu mzima hujificha chini ya gamba ambalo dawa nyingi za kugusa (zinazoua mdudu zikimgusa) hazilipenyi, ilhali makinda yanayotambaa, ambayo bado hayajajenga gamba, hudhurika hata kwa sabuni ya kuulia wadudu.

Kwa kuwa ukuaji wa wadudu hutegemea joto la mazingira, sasa ninajumlisha joto la kila siku: nachukua wastani wa kiwango cha juu na cha chini, kisha natoa kizingiti cha ukuaji, yaani joto ambalo chini yake mdudu hakui, ambacho mara nyingi huwekwa nyuzi 10 za Selsiasi. Siku yenye 24 na 12 ina wastani wa 18, hivyo huchangia 8. Wastani usiofikia 10 huhesabiwa sifuri. Jumla ya siku zote hulinganishwa na kiwango ambacho makinda ya spishi husika hutokea, kilichokwisha kupimwa.

Hata hivyo siiamini hesabu peke yake (kichaka kilicho kando ya ukuta unaopigwa na jua hutangulia vingine), kwa hiyo huwa nazungushia tawi utepe wenye gundi, na makinda yakinaswa ndipo ninaponyunyizia.