Siku moja nyuma ya mizani: maisha ya muuza mchele wa Tandale

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshaswali na chai nimeinywa wima. Saa kumi na mbili na nusu nafungua kibanda changu cha mchele na maharage, sokoni Tandale, Dar es Salaam. Watu wakisikia nauza nafaka rejareja hucheka: "Kwa hiyo nawe unachezea mizani?" Swali hilo linaniuma, ndiyo maana leo nimeamua kuandika.

Hata kufagia hakujaanza, mizani kwanza. Naifuta pumba, naikalisha sawa maana ikiinama inadanganya, naangalia inasoma sifuri, halafu naijaribu kwa jiwe la kilo moja. Wakala wa Vipimo huhakiki mizani za biashara na kubandika stika, lakini stika haioni bakuli lililoachwa juu ya sahani, wala kopo la sado la kupimia lililobonyezwa kitako ili libebe kidogo. Hayo anayajua muuzaji na Mola wake. Surat al-Mutaffifin imefunguliwa kwa ole wao wapunjao, wale ambao wakijipimia wao hutaka kijae, wakimpimia mwenzao hupunguza. Kaumu ya Nabii Shuaib kule Madyan walionywa kwa jambo hilihili. Mimi nikishika upawa nayakumbuka hayo, na kusema kweli mkono hunitetemeka kidogo kila asubuhi.

Saa moja mpaka saa tatu ni mama lishe, wapika vitumbua, na watoto waliotumwa maharage nusu kilo. Hapo muda unakimbia.

Saa nne akaja kaka mmoja, shati limenyooka, anataka kilo hamsini za hitima. Akadaka punje, akatafuna, akanusa. "Huu wa Kyela?" Nikamwambia huu ni wa Kahama, wa Kyela uko gunia lile na bei yake iko juu. Ningeweza kuitikia tu, wengi hawatofautishi mpaka uive. Akachagua wa Kahama. Tukavutana bei robo saa nzima, tukafika 2,800 kwa kilo. Nikapima mfuko baada ya mfuko, kilo kumi kumi, mgongo unawaka, yeye akiwa kwenye simu. Wateja wengine wawili wakangoja, wakachoka, wakaondoka.

Mifuko mitano imeshafungwa, akaniinamia: "Dada, kwenye risiti andika 3,200."

Nikajifanya sijasikia. Akarudia. Ni shilingi 20,000 za kutia mfukoni, kutoka kwenye michango ya wafiwa. Nikamwambia, "Kaka yangu, naandika bei unayolipa." Akacheka. "Dada, hapa sokoni, si madrasa. Wewe unapungukiwa nini? Hela yako unaipata kamili." Nikanyamaza. Akabembeleza, akaahidi kuniletea wateja, akaja juu: "Mnajifanya watakatifu, mizani zenu zenyewe tunazijua!" Hapo damu ilichemka. Mdogo wangu ninayefanya naye kazi akafungua mdomo amwaibishe mbele ya soko zima. Nikamshika mkono. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema mwenye nguvu si yule anayeangusha watu kwa mieleka, bali anayeizuia nafsi yake wakati wa hasira. Na kumsitiri mtu nako ni dini, ingawa nilijiuliza juu ya wale wafiwa. Ningekuwa nawafahamu, sijui kama ningenyamaza.

Akaondoka mikono mitupu. Tukaifungua mifuko yote mitano, tukaurudisha mchele guniani kwa upawa. Dogo alinuna mpaka adhuhuri. Nikatandika mkeka nyuma ya magunia, nikaswali, na sikuomba ila subira.

Mchana wachukuzi wakaleta mzigo. Jua kali, jasho linaingia machoni, vumbi la mchele linakwama kooni. Nina desturi ya kuzamisha mkono mpaka chini ya gunia, kwa sababu Mtume alifanya hivyo sokoni Madina, akakuta unyevu chini ya rundo la nafaka. Mwenye bidhaa akajitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa mbona hakuuweka juu watu wauone, na akaambiwa mwenye kughushi si miongoni mwetu. Gunia moja la leo lilikuwa limeloa kitako. Aliyeniuzia hakupokea simu. Tukautenga ulioloa, tukauanika kwenye turubai, na kila aliyeuliza nikamwambia umeloa. Mama mmoja mfuga kuku akachukua kwa bei ya kutupa. Hasara hiyo naibeba mimi.

Alasiri sikumbuki saa ngapi tena. Miguu imevimba. Mama lishe wangu akaja na uso wa aibu, mafundi anaowapikia hawajalipwa na deni lake limefika wiki ya pili. Qur'ani inasema mdaiwa akiwa na dhiki angojwe mpaka apate wasaa. Nikampimia tena, pungufu kidogo ya alivyozoea, nikaandika kwenye daftari mbele yake, tukasaini wote wawili.

Adhana ya magharibi imenikuta nahesabu noti. Faida ya leo ni ndogo, lakini naijua ilikotoka shilingi kwa shilingi, na watoto wangu wanaila.

Ukija Tandale, kwangu au kwa jirani, tazama sifuri kabla mfuko haujakaa kwenye sahani. Ukiona tarakimu nyingine, sema. Mimi naanza upya mara moja, wala sinuni.